Shuka ya Muzee Cirhuza

...na bado ameishika shuka, kwa mkono wa kushoto, huo mmoja uliobaki na nguvu tangu ugonjwa umwangushe mlangoni pa kanisa, ameikunja ngumini kabisa, nami nimesimama na kitambaa kinachodondosha maji sakafuni, na ananitazama kwa huruma, ndiyo, mimi ndiye wa kuonewa huruma humu ndani, “Yolande,” anasema, mdomo umekwenda upande lakini jina linatoka safi, “Yolande, toka kwanza mama, papa yako iko buchi”... Yolande mwenyewe yuko sebuleni, nyuma ya pazia hili la maua, anakunywa chai na kaka yake Gérard na anasikia kila kitu, tena Yolande gani, tangu serikali itunyang’anye majina ya ubatizo, huko ofisini anaitwa mwananchi, citoyenne Nabintu, muzee peke yake ndiye aliyebaki na hilo jina mdomoni, na hamwiti yeye, ananiita mimi, Cibalonza, mtu wa kulipwa, na kidonda kiko chini ya kiuno chake kinanuka hadi barazani, mamasera, masista wa misheni, walipotufundisha kazi hii walisema kidonda cha kulala hakina subira, geuza, osha, kausha, geuza tena, juzi alikataa, jana alikataa, “Muzee, acha nikuoshe, tafadhali,” nasema, naye anatikisa kichwa taratibu, kama baba anayemkanya mtoto mpumbavu... “Mutu tunamulipa juu ya kuosha, na haoshi,” huyo ni Gérard, kijiko kinagonga kikombe, “kama leo tena anashindwa, samedi muzee anapanda bateau, anaenda Idjwi kwa baba mudogo,” na Yolande, “Idjwi nani atamuchunga?” na Gérard, “Kule kuko watu”... watu! Baba mdogo mwenyewe haoni, anashikwa mkono kwenda chooni, atamgeuza nani, muzee atakufa kwenye mbao za bateau, katikati ya ziwa, kabla hawajakiona kisiwa cha Idjwi, nao wataandika tangazo la kilio lenye maneno ya Kifaransa, na wewe Gérard, wewe mtoto wa kiume, wewe hukatazwi, ningekuonyesha jinsi ya kumlaza kwa ubavu, uliingia mara moja ukiwa na leso puani ukatoka ukisema una mkutano. Yolande simlaumu sana, mtoto wa kike kuona uchi wa baba yake ni muziro, ni mwiko usiochezewa, na wake wa wanawe vivyo hivyo, wote wamefungwa mikono, ndiyo maana wakanitafuta mimi, Cibalonza asiye na undugu nao hata wa mbali, ugeni wangu ndio waliouajiri, mikono ilikuja nyuma yake tu... na ugeni huo nani kauharibu kama si mimi, mvua ilikuwa inanyesha, nilikuwa namnyoa ndevu, akafumbua macho akasema Yolande, jambo dogo, ningesema hapana muzee, miye ni Cibalonza, yangeisha pale pale, lakini nikasikia ulimi wangu unasema, “Niko hapa, papa,” Mungu wangu, tamu ilivyokuwa, papa, neno ambalo sijapata mtu wa kumwambia, wangu aliingia kwenye shimo la dhahabu Kamituga nikiwa bado mgongoni mwa mama na mlima ukajifunga, hana hata kaburi, nami mtu mzima mwenye mvi nikaitika kama mtoto anayetumwa chumvi, na kesho yake nikaitika tena, akanisimulia habari za ng’ombe wa babu yake, akanikataza kuolewa na mlevi, mimi, nikacheka, nikamwambia sawa papa, hadi Yolande akanibana jikoni, “Unamupa dawa gani mupaka anakuita jina yangu?” dawa, hee, dawa ya kumpangusa udenda na kumsikiliza, ungeijaribu mama... halafu asubuhi moja nikafunua shuka kama siku zote naye akapiga kelele, akaivuta, kwani sasa nilikuwa binti yake, na binti haoni. Naweza kutumia nguvu, mkono mmoja wa mgonjwa utanishinda nini, jana nilijaribu, nikakifungua kidole kimoja, nikafungua cha pili, akalia, wala si kwa maumivu, maumivu yake nayajua sauti, alilia kwa aibu, nikaacha... wazungu wazee niliowaosha zamani, na yule mama tajiri wa Muhumba, na wengine, wote niliwavua nguo kama unavyomenya ndizi, hakuna aliyewahi kujifunika, wangejifunika kwa nani, mtumishi ana macho? Basi ndiyo hiyo, Cibalonza, sikia, mtu hujisitiri mbele ya watu wake, huyu mzee anaoza kitandani na nguvu yake yote ya mwisho anaitumia kunitunzia heshima, mimi niliyedhani ni ukaidi, niliyemnunia, hakuna mwanamume aliyewahi kunifanyia hivyo na hatatokea mwingine... “Citoyenne Cibalonza!” Gérard anaita, “inaenda huko?” na sauti yangu inajibu, “Inaenda, citoyen,” uongo mtupu, hakuna kilichosogea, shuka iko ngumini, na dawa nyekundu iko kwenye kisosi. Najua la kufanya, ninalijua tangu jana nikajifanya silijui, nitamwambia, muzee, Yolande iko salon, miye hapana mutoto yako, miye ni mutu wa kazi tu, nitalisema kwa sauti kavu ili alisikie vizuri, na atanitafuta usoni, atanitafuta tena, na pale asipomwona binti yake vidole vitaachia vyenyewe, atageuza macho ukutani, mtu hamwonei haya mgeni, nami nitamwosha, vizuri, hadi kwenye nyama nzima, Jumamosi bateau itaondoka bila yeye, na wote humu watafurahi. Ukifiwa na baba mara ya pili hakuna anayekuja kukaa nawe kilio, nitalia wapi, sijui, labda sitalia... “Yolande,” anasema, “toka kwanza, mama,” kwa upole ule ule, nami nainama karibu na sikio lake, acha anisubiri kidogo, acha niwe wake kidogo tu.