Hadithi Iliyokatwa Kola

“Mpima ardhi akainuka, akakung’uta vumbi la sayari ile magotini, akakiita kivuli chake kama mtu anayemwita punda. Kivuli hakikuinuka. Kilibaki pale juu ya jiwe, kimekunja miguu, kimempa mgongo.”

Miwani, kama walivyomwita mkaza mwana wa nyumba ile, alitua kidogo ameze mate. Sindano hazikutua. Wifi yake alikuwa anashona vifungo, Mama Mkwe anazungushia uzi matundu ya vifungo hivyo hivyo, na kule kwenye meza ndefu pasi ya Mjomba, kaka yake Mama, ilikuwa inapita juu ya mgongo wa shati ikitoa mvuke. Katikati yao mashati meupe ya shule yalikuwa yamerundikana, yakisubiri zamu.

“Kimempa mgongo?” Wifi aliuliza, uzi mdomoni. “Kivuli kina mgongo upi na uso upi? Mimi changu sijawahi kujua kama kimenitazama au kimenigeukia.”

“Chako kimekutazama,” Mjomba alisema. “Kinaona haya tu kukwambia kwamba hicho kifungo umekishona upande.”

Wifi alikitazama kifungo. Kweli kilikuwa upande. Akakikata, akaanza upya, akanung’unika kwamba wazee wengine wangekaa na pasi zao.

“Mwacheni mtoto asome,” Mama alisema bila kuinua macho. Kisha, asije akaonekana amependa, akaongeza: “Hata kama ni uongo mtupu.”

Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Asubuhi cherehani zilivuma, na hapo hata ukipiga kelele nyumba inaungua ungeambiwa usubiri mshono ufike mwisho. Baada ya chakula cha mchana cherehani zilinyamaza, zikafuata kazi za mkono: vifungo, matundu, pindo. Ndipo Miwani alipokuwa akisoma. Alikuwa amesamehewa vifungo kwa sababu ya kusoma, na ukweli ni kwamba vifungo vilikuwa vimeshukuru. Alikuwa na subira ya kila kitu isipokuwa tundu la sindano.

Wakwe wengine huja na masufuria. Yeye alikuja na katoni mbili za majarida. Yalikuwa ya hadithi fupifupi, za vyombo vya angani na wachawi na miji iliyojengwa chini ya bahari, aliyoyaokoteza tangu usichana wake kwenye meza za vitabu vilivyotumika, moja moja, akayapanga kwa mwezi na mwaka. Siku ya kuhamia, mumewe aliyabeba begani akitweta, na Mama akauliza kama ni vigae. Alipoambiwa ni hadithi alisema ukipenda boga upende na ua lake, lakini ua hili ni zito.

Miwani hakuwa mtu wa maneno mengi. Mezani aliulizwa mambo, na kabla jibu halijamtoka mazungumzo yalikuwa yameshavuka mto. Saa ile ya vifungo tu ndiyo ilikuwa yake. Akifungua jarida, watu waliomzoea kwa ndiyo na hapana walimsubiri apumue.

Sasa saa hiyo ilikuwa inaponyoka. Juzi Mama alikuwa ameyatazama mashati, akaitazama kalenda ukutani, akatoa hukumu.

“Shule zinafunguliwa. Hadithi hii ya kivuli ikiisha, basi. Kila mtu na sindano yake, na wewe pia, mwanangu, utazoea. Na yale makatoni yaje chini ya meza ya kukatia. Karatasi yake ni nzuri kwa kupimia kola.”

Ndivyo walivyofanya siku zote: gazeti au jarida likishachoka hukatwa umbo la kola au mfuko, umbo likabandikwa pini juu ya kitambaa, mkasi ukafuata. Miwani hakubisha. Alichofanya ni kusoma polepole. Ukurasa uliokuwa unachukua nusu saa ulianza kuchukua alasiri nzima, maana alitua kwenye kila nukta kama mgonjwa anayepanda ngazi. Lakini hata ngazi ina mwisho, na leo ulikuwa umebaki ukurasa mmoja na kipande.

“Endelea basi,” Wifi alisema. “Kimesema nini?”

“‘Njoo,’ mpima ardhi akasema. ‘Jua la pili linazama, chombo kinaondoka.’ Kivuli kikajibu bila kugeuka: ‘Kwenu nimelazwa chini kila siku, nimekanyagwa na kila mpita njia. Hapa nimeketi kama mtu. Nenda wewe.’”

Mvuke wa pasi ulikatika. Mjomba alikuwa ameisimamisha.

“Kina haki,” alisema.

“Kina haki gani?” Wifi alimgeukia. “Kivuli kinalipa kodi? Kinafua? Mimi ningekiacha hapo hapo na jiwe lake.”

“Ukirudi nyumbani bila kivuli, bibi, hata mumeo atakufungia mlango. Atasema ni mzuka.”

“Yule? Hajaona hata kwamba nimesuka.”

“Shhh,” alisema Mama, na ilikuwa ni mara ya kwanza kumsikia Mama akisema shhh.

Miwani alipangusa miwani yake, akaivaa, akafunua ukurasa. Akaufunua tena. Akarudi nyuma, akalamba kidole, akatenganisha karatasi akidhani zimegandana.

“Nini?” Wifi aliuliza.

“Haupo.”

“Nini haupo?”

“Ukurasa wa mwisho. Hapa pameanza hadithi nyingine, ya samaki anayetabiri mvua.”

Wifi alikurupuka na shati lake, uzi ukiburuta, akaja kuchungulia. Mjomba naye akaja. Kati ya kurasa mbili kulikuwa na ukingo mwembamba wa karatasi, umenyooka kama umepigwa rula.

“Haukuchanwa,” Wifi alisema. “Umekatwa. Na mkasi mkali.”

“Panya wa nyumba hii,” alisema Mjomba, “siku hizi wana vifaa.”

Katika karakana nzima mkasi mkali ulikuwa mmoja, ule mkubwa wa mpini mweusi, na hakuna aliyethubutu kuugusa isipokuwa mwenyewe. Mwenyewe alikuwa ameinamia tundu la kifungo, amejitia hamnazo, akizungusha uzi kwa bidii ya mtu anayeshona nguo ya harusi.

“Dada,” Mjomba akaita.

“Nina kazi.”

“Dada, asubuhi ulikata kola kwa karatasi gani?”

Mama alivuta uzi, akaukata kwa jino. “Karatasi ni karatasi. Nilifika mapema, nikakuta gazeti la chini ya meza limekwisha, nikachukua hilo jarida la rafuni. Nilijuaje kwamba lina mtu ndani hajamaliza safari?”

Miwani alihisi kitu kifuani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupima mambo kabla ya kuyapa jina, hakujua mara moja kama ni huzuni au furaha. Hadithi alikuwa ameshawahi kuisoma, miaka mingi iliyopita, lakini mwisho wake ulikuwa umemtoka kabisa. Hata yeye alikuwa anausubiri.

“Kola iko wapi?” Wifi alikuwa ameshafika ukutani, kwenye msumari ambapo maumbo ya karatasi hutundikwa. Alipekuapekua. “Hii ya gazeti… hii ya gazeti… Hii hapa! Wifi, soma!”

Kola ya karatasi ilitandazwa kwenye meza ya kukatia. Maneno yalipita juu yake kwa mshazari, yakaanguka kwenye kingo. Miwani alisoma alichokiona, na palipokatika akatua.

“‘…akavua kofia yake, akaiweka juu ya… nimekukanyaga miaka yote hii na sikuwahi… rubani akapiga honi mara ya pili…’”

“Chombo cha angani kina honi?” Wifi aliuliza.

“Kisipokuwa nayo kitapitaje njia panda?” Mjomba alisema. “Wewe tafuta.”

Walitafuta. Wifi aliinua mashati, akatikisa mifuko ya mabaki, akajikuta amepiga magoti chini ya cherehani akichambua vipande vya kitambaa kama mtu anayechambua mchele. Mjomba ndiye aliyepata umbo la mfuko, limejificha chini ya bakuli la chaki. Miwani aliliweka kando ya kola. Herufi zilikuwa zilezile.

“‘…mlango ukafungwa. Ndani kulikuwa na giza, na rubani, kama ilivyo kanuni, akauliza bila kugeuka: Umepanda peke yako? Na aliyejibu alikuwa…’”

Hapo mfuko uliishia, kwenye ile ncha yake ya chini.

“Alikuwa nani?” Wifi aliuliza.

“Umeishia hapo.”

“Alikuwa nani, Wifi!”

“Kivuli,” Mjomba alisema. “Ni wazi kama mchana. Mtu amebaki kwenye jiwe, kivuli kimepanda na kofia.”

“Wewe Mjomba una kichaa. Kivuli kimekataa kuondoka, sasa kipande chombo kwenda wapi?”

“Aliyekataa ni mwenye kukanyagwa. Akivaa kofia nani atamkanyaga?”

Wifi aliugeuza ule mfuko wa karatasi. Akamtazama Miwani. “Anaweza kuwa amesema kweli?”

“Anaweza,” Miwani alisema. “Au amepanda mtu, na kivuli kikamjibia. Kwa sababu kimemwonea huruma.”

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amesema jambo refu kuliko kawaida yake, na hakuna aliyekuwa ameshavuka mto.

“Hiyo nayo nzuri,” Mjomba alikiri. Kisha akarudi kwenye pasi yake, akaipima joto kwa kidole chenye mate, na akaanza kusema kama wakili. “Sasa, dada. Tukumbushane. Ulisema hadithi ikiisha, kusoma kumekwisha. Hadithi haijaisha. Kwa hiyo kesho mkaza mwanao anasoma. Akitaka aanze hata hiyo ya samaki, mpaka mwisho wa hii utakapopatikana, na kwa jinsi ninavyouona mkasi wako, hautapatikana.”

Wifi alipiga makofi. “Mjomba! Siku zote nasema una akili, watu hawaniamini.”

“Husemi.”

“Leo nasema.”

Mama alicheka puani. “Haya. Mmenifunga kwa kamba yangu. Haijaisha, haijaisha.”

Na mambo yangeweza kukaa hivyo. Miwani alirudi kwenye kigoda chake, kando ya Mama, moyo ukimruka kama mtoto aliyepewa likizo. Akainama kuokota jarida. Ndipo alipoona.

Kwenye kikapu cha Mama, juu ya kitambaa kilichokunjwa, palikuwa na kibao cha bega cha karatasi, umbo la kile kipande cha shati kinachokaa mabegani, kimebandikwa pini nne. Kilikuwa na mistari michache ya maneno, na mwisho wa mistari ile kulikuwa na kinyota cheusi. Jarida lile lilifunga kila hadithi yake kwa kinyota kama hicho.

Hakuna mwingine aliyekuwa amekiona. Wifi alikuwa anatafuta sindano yake. Mjomba alikuwa anapiga mluzi. Miwani alikaa na jarida mapajani na akapima. Akinyamaza, kesho atasoma, na kesho kutwa, na makatoni yatabaki mahali pake. Akisema, kinyota kitasomwa sasa hivi, na kazi yake kuanzia kesho ni vifungo. Alipima tena, hakuona njia ya tatu. Lakini watu hawa walikuwa wamepiga magoti chini ya cherehani kwa ajili ya kujua aliyejibu ni nani. Kuwanyima ingekuwa kama kumnyima mgeni maji, na mtungi unao.

“Mama,” alisema polepole. “Nadhani kipande cha mwisho unacho wewe. Kwenye kikapu.”

Mluzi ulikatika.

Mama alishusha macho. Akakiinua kitambaa, akakipeleka mbali na uso, akakisogeza karibu, kama anavyofanya mtu asiyetaka kukubali kwamba na yeye anahitaji miwani. Midomo yake ilianza kutembea. Ilitembea neno moja, mawili. Ikasimama.

Alimtazama mkaza mwanawe, kwa muda kidogo. Kisha akageuza kitambaa chote, maneno yakatazama chini, akachukua pini nyingine mbili kutoka kwenye mkono wa blauzi yake, akazichomeka.

“Kina pini,” alisema.

“Mama, zitoe!” Wifi alipiga kelele.

“Nikizitoa kitambaa kitahama. Vibao vya bega vitakuwa kimoja kwa mashariki kimoja kwa magharibi. Kwanza nikate, ndipo karatasi itoke.”

“Basi kata!”

“Kwa mwanga huu?”

Wote walitazama dirishani. Jua lilikuwa limejaa chumba kizima, limepanda mpaka kwenye mashati, mtu angeweza kutunga uzi kwenye sindano akiwa amefumba jicho moja.

“Giza totoro,” Mjomba alisema kwa upole. “Mimi hata pasi siioni.”

“Kesho,” alisema Mama. “Au kesho kutwa. Kuna vibao vingine vya kukata kabla ya hiki. Wewe, Miwani, hiyo ya samaki ni ndefu?”

“Si ndefu sana, Mama.”

“Samaki anatabirije mvua na yeye yumo majini?”

“Ndiyo shida yake.”

“Mm.” Mama alikiweka kikapu upande wake wa mbali, ule ambao Wifi asingeufikia bila kuvuka magoti yake. “Haya, cherehani, hata kama ni alasiri. Mikono mirefu bado haijaungwa hata mmoja, na nyie mnacheza.”

Wifi alivuta kiti kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika. Alipopita alimwinamia Miwani sikioni. “Umemwona? Alisoma mpaka wapi?”

“Maneno mawili.”

“Yapi?”

“Sikuyaona.”

“Ni kivuli,” Wifi alinong’ona. “Mjomba asijue nimesema hivyo, lakini ni kivuli.”

“Nimesikia!” Mjomba alisema kutoka mezani.

“Kesho!” Mama alisema, akakanyaga, na cherehani yake ikavuma ikawafunika wote. Miwani alijaribu kutunga uzi kwenye yake, akakosa, akajaribu tena. Rundo la mashati lilibaki katikati yao na kola zake wazi, nusu yake bila vifungo.