Shimo la Mgeni Rasmi

Waliokata mikoko ndio waliotuletea fulana za "Linda Mikoko". Za kijani, kitambaa kizuri tu, na mgongoni jina la hoteli limeandikwa kubwa kuliko jina la mti. Mwenyekiti wetu wa kijiji hapa Mlingotini, Mzee Abdullatif, aliivaa ya kwake juu ya kanzu. Tumbo likatangulia, maandishi yakafuata.

Mimi nilipewa kipaza sauti cha siku ya kupanda miche. Ndiyo kazi yangu: harusi, maulidi ya shule, uzinduzi wa choo, popote penye watu na pilau utamkuta Mikdad anaropoka. Nilimaliza kidato cha nne na cheti cha wastani, ila mdomo ulipata alama zote.

Hoteli ilipojengwa ilikuta mikoko imesimama mbele yake. Mgeni halipi hela yake kutazama majani, analipa aone bahari. Mikoko ikakatwa mchana kweupe, na kibali tukaonyeshwa kwa mbali, kama mtu anavyoonyeshwa picha ya mchumba. Bahari ikakuta mlango wazi. Ikaingia, ikapinda, ikaanza kula makaburi yetu yaliyo jirani na hoteli. Safu ya mbele imekwenda yote. Sasa aliye mbele ni babu yangu, Mzee Rehani, na maji yameanza kumfikia.

Sasa basi, miche si ingepandwa pale ilipokatwa? Thubutu! Ilipangwa ipandwe huku dikoni, mashua zinapoegeshwa, kwenye mchanga mkavu, kwa sababu mahema yanakaa vizuri na picha zinatoka.

Jasmin, dada wa matangazo wa hoteli, aliwagawia kina mama wimbo wa kuimba. Bibi yangu Batuli akasomewa ubeti wa kwanza: kina mama acheni kukata kuni, mnaiua bahari.

"Mwanangu," Bibi akamuuliza, "huu wimbo tunaimba sisi au tunaimbiwa sisi?"

"Ni wa kuelimisha tu, bibi."

"Haya. Na wao umewatungia upi?"

Jasmin akaangalia simu yake. Bibi akanivuta shati. "Mume wangu mdogo, mdomo wako umekula pilau za watu miaka yote. Leo ufanye kazi. Miche ikapandwe mbele ya hoteli, babu yako apumzike. Sitaki kingine."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, maana nilikuwa nimeshapeleleza: mgeni rasmi anayetoka serikalini ni Mnyamwezi wa Tabora. Mimi Mkwere. Mtani wangu huyo! Kwetu mtani akija msibani anaweza kuingia kaburini akalala, akasema maiti hazikwi mpaka akombolewe, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Nikajiona nimepata fimbo.

Mgeni rasmi akaja amechelewa, kama ada. Akahutubia juu ya joto la dunia huku jenereta ya kipoza hewa chake ikinguruma nyuma ya hema. Maji ya chupa yakagawiwa, chupa zikatupwa pale pale. Kisha akakaribishwa kwenye shimo lake. Lilikuwa limechimbwa tangu jana, likapigwa chokaa pembeni, na mche wake umefungwa utepe.

Nikaruka ndani, nikalala chali na kipaza mkononi.

"Hapapandwi kitu hapa! Wanyamwezi mmezoea kutubebea mizigo, leo mmetubebea miti! Mpaka nikombolewe!"

Vigelegele! Watu wa ulinzi wakanijia, mgeni rasmi akawazuia, anacheka mpaka kofia inacheza. "Mwacheni, mwacheni, huyu mtani wangu. Wakwere hawa kwa uvivu! Umeona shimo tayari ukadhani kitanda. Unataka nini, kuku?"

"Kuku mle wenyewe. Nataka mche huu ukaupande pale," nikanyoosha kidole hotelini, "mlipokata."

Akacheka zaidi. "Mtani, unataka nifukuzwe kazi!"

Watu wote wakacheka. Kamera zikanisogelea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka pia. Nikamsikia Jasmin akimnong'oneza mpiga picha, "Chukua hiyo, hiyo itatrendi." Hapo ndipo nilipogutuka. Fimbo niliyodhani nimeishika, mwenzangu alikuwa anajikunia mgongo. Kwa utani wangu alishajibu, alishasamehewa, alishapendeza. Kilichobaki ni nitoke apande.

Nikatoka, najipangusa mchanga na aibu.

Bibi akapita katikati ya viti vya wageni. Mkononi ana kitu kimefungwa kwa kanga. Akakifungua ukingoni mwa shimo: ni ubao wa kaburi, ule wa kichwani tunaouita shahidi, umeliwa na chumvi, jina limebaki nusu. Akainama, akaulaza shimoni taratibu kama anamlaza mtoto.

"Mimi si mtani wako, mwanangu," akamwambia. "Mimi wa Mafia, niliolewa tu hapa. Huo ni wa mume wangu. Nimeuokota majini, pale mlipokata mikoko. Panda juu yake."

Hata jenereta nadhani iliona haya. Mgeni rasmi akavua kofia. Akatazama shimo, akatazama hotelini.

"Kule kuna shida gani?" akamuuliza Jasmin.

"Mheshimiwa, kule ni upande wa mandhari ya wageni. Na ratiba ina chakula."

Akasimama kidogo. Kidogo hicho ndicho tulichokuwa tunakiomba. Kisha akavaa kofia. "Mama, tumelipokea. Tutalifanyia kazi."

Magari yakawaka. Wakaenda kula hotelini, wakatuachia miche imekauka midomo ndani ya viriba vyake vya nailoni.

"Mikdad," Bibi akasema, "hicho kipaza bado kinasema?"

Nikakijaribu. Kinasema.

"Mabibi na mabwana," nikatangaza kwa sauti yangu ya harusini, "ratiba inaendelea! Bibi harusi kahamia nyumba nyingine. Kila mtu abebe mche wake, tunapita ufukweni, maji yamekupwa!"

Mzee Abdullatif akanifuata. "Wewe kijana, utaniponza!"

"Mwenyekiti, fulana yako imeandikwaje?"

Akaitazama tumboni. Akachukua mche.

Mlinzi wa hoteli alikuwa Muharami, tuliyecheza naye mpira wa chandimu. "Nimeagizwa mtu asipite getini," akasema.

"Geti liko wapi hapa, kwenye tope?"

Akarudi getini kwake. Tukapanda topeni mbele ya madirisha yao, na wao ndani wanashika vijiko. Bibi akausimika ule ubao katikati ya miche.

Asubuhi tukakuta miche yote imeng'olewa, imetupwa rundo. Yote! Usiku mmoja tu, na wanaofanyia kazi jambo letu walikuwa bado hawajaamka. Ubao ulikuwa umesimama peke yake.

Nikamwendea Muharami. "Nani?"

"Mimi," akasema, hanitazami. "Niliambiwa ning'oe au niache kazi. Miche nimeng'oa. Lile kaburi sigusi, Mikdad. Lile la babu. Wamemwambia na mtunza bustani, kakataa. Kila mtu anaogopa."

Nikamweleza Bibi. "Pale hajazikwa mtu," nikasema. "Ni ubao tu."

"Mimi najua," akajibu. "Wewe unajua. Wao ndio hawajui. Kawaambie wenzako."

Nikapita nyumba kwa nyumba. Wengi walikuwa na ubao wa kwao, wameuokota majini na kuuweka chini ya kitanda: wa mama, wa kaka, wa mtoto. Maji yalipokupwa tena tukateremka tumebeba, na miche tumeifufua kwenye ndoo. Tukasimika ubao, tukapanda mche ubavuni mwake. Ubao, mche, mpaka mwisho wa ukuta wao.

Jasmin akatoka mbio kwenye baraza la juu. "Mnafanya nini? Wageni wanaona!"

"Ndiyo, dada," nikamjibu, na safari hii sikucheka. "Si walilipia waone?"

Mpaka leo haijang'olewa.