Kilichosemwa Saunani

Mume wangu Rudy alishtakiwa mara mbili kwa bunduki ileile, na mara ya kwanza tulisherehekea. Nilioka mkate wa iliki, nikampelekea kipande hata karani wa mahakama ya kaunti. Nikikikumbuka kile kipande hasira hunipanda mpaka leo.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Ilitundikwa katika kibanda cha mawindo nyuma ya ziwa, ambacho familia nne za ukoo wa Kangas hukitumia kila Novemba msimu wa kulungu unapofunguliwa. Kila mwanamume ana msumari wake ukutani. Baba akifa, mwanawe hurithi msumari pamoja na kilichoning'inia juu yake. Hakuna anayeuliza, hakuna anayeandika.

Ila Rudy hakuwa mtu wa kurithi bunduki. Alipokuwa kijana, yeye na mlevi mwenzake walivunja nyumba ya daktari mmoja aliyekuwa akija ziwani wakati wa joto tu, wakaiba pombe na mashine ya boti. Akafungwa, akatoka, akawa fundi bomba anayeachiwa funguo za nyumba na kila mtu. Lakini sheria ya jimbo letu la Michigan inasema mwenye kosa kama lile asishike bunduki mpaka aiombe mahakama imrudishie haki hiyo. Kuomba kungemlazimu asimame alitaje lile kosa hadharani, na gazeti letu halikosi cha kuchapa. Mama yake alikuwa bado hai. Rudy akasema ataomba mwakani, na kila mwaka ulipofika ulikuwa na mwakani wake.

Siku moja ya theluji askari wa wanyamapori akapita kibandani, akamkuta Rudy peke yake, bunduki iko mezani. Wakili aliyepewa na kaunti alimwambia neno moja tu: nyamaza. Rudy akanyamaza, jambo ambalo mimi sijawahi kulipata kwake katika ndoa yetu yote. Kibanda ni cha familia nne, nani aseme bunduki ni ya nani? Mwendesha mashtaka wa kaunti akachoka. Akamkubalia akiri kosa dogo la kwenda mawindoni bila kibali, Rudy akalipa faini, tukarudi nyumbani.

"Imekwisha," alisema akivua buti. Nami nikaamini.

Jumamosi iliyofuata akaja Wendell. Wendell Lahti ni binamu yake Rudy, ni naibu sherifu wa kaunti yetu, na tangu utotoni kila Jumamosi huja kuoga sauna kwetu, kile kibanda cha kuogea mvuke wa mawe ya moto. Bibi yao alizaliwa ndani ya sauna ile. Baba mkwe alioshwa mle kabla ya kuzikwa. Sijasikia mtu wa ukoo ule aliyewahi kudanganya juu ya yale mabenchi, na ukiulizwa kitu mle ukakaa kimya, ni sawa na kumtemea mwenzako mate. Mimi nilikuwa chumba cha nje nakunja taulo.

"Haya niambie, binamu, maana kesi imeshakufa," alisema Wendell. "Ile bunduki ya mzee nani alikuwa akiipaka mafuta miaka yote hii? Inang'aa kushinda kipara changu."

"Mimi, nani mwingine? Ni yangu tangu mzee azikwe. Kila Oktoba naifungua yote, naisafisha. Na yule kulungu dume wa pembe kubwa mliyemla Krismasi, aliyempiga ni mimi."

"Mimi nilidhani ni Arvid, wa msumari wa pembeni yako."

"Arvid? Yule akilenga kulungu, anayekufa ni mti."

Walicheka, maji yakamwagwa kwenye mawe, mawe yakalia. Nami kule nje nilicheka. Mdomo huponza kichwa, lakini siku ile ulikuwa mdomo wa mtu anayeoga nyumbani kwake.

Mwezi wa tatu, ziwa bado limeganda, wakaja watu wawili wa serikali kuu ya Marekani, na viatu visivyofaa kwa barafu yetu. Walisema wanataka kuuliza kuhusu bunduki. Rudy hawezi kumwacha mgeni mlangoni kwenye baridi. Aliwaketisha jikoni na kuwamiminia kahawa.

"Aa, hiyo imekwisha," aliwaambia. "Muulizeni Wendell Lahti, naibu sherifu. Nilimweleza yote saunani."

Mmoja wao akaacha kukoroga kahawa. Nilimkanyaga Rudy mguu chini ya meza, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Wakili wa mara hii alikuwa Bi Dunning, mwanamke mwembamba aliyekuja kwa gari kutoka mji wa Marquette, iliko mahakama ya serikali kuu, na kuketi kiti kilekile cha yule wa kahawa.

"Lakini mimi nililipa faini," Rudy alimwambia.

"Ulililipa jimbo, Bwana Kangas. Serikali kuu ina sheria yake juu ya mtu mwenye hatia ya zamani kushika bunduki. Kwa sheria hiyo, faini yako haihusiki."

"Si katiba inasema mtu hashtakiwi mara mbili kwa kitu kimoja?"

"Hashtakiwi mara mbili na serikali moja. Hizi ni mbili, kila moja na kosa lake."

"Kwani mimi nina nchi ngapi?" aliuliza Rudy, wala hakuwa anatania.

Husemwa fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa wetu hawakupigana hata kidogo. Walipokezana.

"Na yale ya saunani?" niliuliza mimi.

"Mumeo hakuwa amekamatwa. Alikuwa anaoga. Haki ya kunyamaza alikuwa nayo, hakuitumia, na hakuna aliyepaswa kumkumbusha." Akanigeukia vizuri. "Mama, kama ulisikia lolote, usiniambie. Mke anaweza kukataa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Binamu hawezi. Wendell ameitwa, na akipanda kizimbani atakula kiapo."

"Asipokuwapo Wendell?"

"Watabaki na bunduki iliyokutwa kwenye kibanda cha watu wengi. Ningewapa shida. Akiwapo, Bwana Kangas anakwenda gerezani."

Rudy akapewa dhamana, akafungwa kifaa cha kumfuatilia kwenye kifundo cha mguu. Mpaka wake ulikuwa banda la kuni. Akilipita tu, simu inapigwa kutoka mahakamani Marquette. Sauna iko mbele kidogo ya banda, ukingoni mwa ziwa. Akakatazwa pia kuzungumza na shahidi, hata salamu. Basi mtu aliyezoea kushinda chini ya sinki za watu akawa anatoka jikoni anakwenda sebuleni, anatoka sebuleni anarudi jikoni, theluji imefika kwenye vioo vya chini. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Sasa ilimbana kama kiatu cha mtoto, na ilinibana na mimi, maana usiku nililala nikisikiliza kile kidude kikigonga ubao wa kitanda.

Nilidhani Wendell atakata mguu. Hakukata. Jumamosi alikuja amebeba kuni zake, macho chini, akaingia kwenye mvuke. Rudy alibaki dirishani akitazama moshi. Mimi nikakaa chumba cha nje, na baada ya muda sauti ikaja kupitia mlango.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Siku ile mawe yalikuwa yanapiga kelele sana. Mtu anaweza akawa hakusikia vizuri."

Mikono yangu ilisimama juu ya taulo. "Anaweza," nikasema.

"Wakiniuliza, nitawajibu hivyo. Mwambie."

"Una kiapo, Wendell. Una beji."

"Nina binamu pia."

Sitawaficha, nilifurahi. Nilitaka adanganye, na mpaka leo sioni aibu. Nilipanda ule mteremko mbio, theluji ikiniingia kwenye buti, nikamweleza Rudy kila neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana," akasema.

"Hapana nini? Mwenyewe kajitolea."

"Wakigundua kadanganya chini ya kiapo, watamfunga. Na akitoka atakuwa kama mimi. Mke wangu, niliiba mashine ya boti nikiwa mtoto wa juzi. Sasa nina wajukuu na bado naulizwa. Nimpe Wendell maisha hayo?"

"Mpe. Si ndiye aliyeuliza?"

"Aliyejibu ni mimi."

"Na mimi je? Nikae na theluji hii peke yangu ili Wendell abaki safi?"

Nilivunja kikombe, na si kwa bahati mbaya. Rudy akainama akaokota vipande, kile kidude kikimulika taa yake nyekundu mguuni, na hapo nikajua ameshaamua na hakuna pa kutokea.

Alikubali kukiri. Jaji alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, jambo lililoniudhi zaidi. Wendell aliketi nyuma na sare zake, kofia magotini.

"Una haki ya kukaa kimya," jaji alimwambia Rudy. "Unaelewa kwamba ukikiri unaiacha?"

"Ndiyo."

"Una haki ya kuhukumiwa na raia kumi na wawili. Unaiacha?"

"Ndiyo."

"Una haki ya shahidi kusimama mbele yako na kuulizwa maswali na wakili wako."

Rudy aligeuza kichwa kidogo nyuma. "Naiacha."

Miezi yote ile Bi Dunning alikuwa akimfundisha haki hizo mezani kwetu, moja baada ya nyingine, naye akizichanganya. Siku aliyozijua zote kwa moyo ndiyo siku aliyozirudisha. Jaji akauliza kama kuna mtu aliyemlazimisha. Rudy alifikiri, akafikiri, mpaka jaji akavua miwani.

"Hakuna mtu," akasema. "Mambo yenyewe tu ndivyo yalivyokaa."

Akapewa miaka miwili, katika gereza lililo jimbo jingine. Alikwenda kujisalimisha Novemba, wiki ileile ya kufunguliwa kwa msimu wa kulungu. Msumari wa baba yake uko wazi, na hakuna aliyetundika kitu.

Jumamosi ya kwanza Wendell akaja na kuni. Nikawasha jiko la sauna kama kawaida, akaingia, nikakaa chumba cha nje na taulo moja tu ya kukunja. Nilimsikia akiongeza kuni kwenye jiko. Kisha sauti ikaja.

"Shemeji, unanichukia?"

Mle mtu akiulizwa hujibu, na hujibu ukweli. Jibu nilikuwa nalo, zima, limejaa mdomoni. Akamwaga maji kwenye mawe, akangoja mawe yatulie, akauliza tena.

"Nina haki ya kunyamaza, Wendell," nikamwambia, nikaiweka taulo yake mlangoni.