Mtoto na Jua, Nani Alitangulia

Mkwe wangu Parichehr alikaa miaka saba bila mtoto. Kila mwezi, siku ya malaika Bahram, nilikwenda Yazd mjini kwenye nyumba yake ya ibada, na lozi na zabibu kavu, nikamwambia: "Ukitupa mtoto wa kiume, atabeba jina lako." Malaika wa ushindi hachezewi. Parichehr nilimwambia habari ya nadhiri hiyo mimba yake ilipofika mwezi wa nane, akakataa papo hapo.

"Mama, jina lolote, si hilo."

Kaka yake aliitwa Bahram. Alikwenda vitani, mpaka leo hata kiatu hakikurudi. Na habari za mfalme Bahram kila mtoto wa kwetu anazijua: alimfukuza punda mwitu, akazama topeni na farasi wake, wakachimba wee, hawakupata mfupa.

"Wenye jina hilo hawazikwi," alisema.

Mwanangu Mehraban, anayeogopa kelele, akatupatanisha. Kwetu kila siku ya mwezi ina malaika wake. Mtoto akizaliwa siku ya Bahram, ni Bahram. Siku nyingine yoyote, mama yake atachagua. Siku thelathini, moja tu yangu. Parichehr akacheka, akakubali.

Uchungu ukamshika usiku wa kuamkia siku ya Bahram.

Mtoto alitoka alfajiri. Mehraban alikuwa shambani, zamu yake ya maji. Mapazia yalifungwa kwa ajili ya baridi. Mimi ndiye niliyefungua mlango kumwaga maji ya beseni, nikatazama mlimani.

Asubuhi mobed, mzee wetu wa dini, akaja kuuliza siku.

"Leo ni Bahram!" Mehraban akasema. Parichehr akageukia ukuta.

"Ngoja kwanza," mobed akasema. "Siku yetu huanza na jua, si na saa ya ukutani; aliyezaliwa kabla ya jua ni wa jana. Mtoto alitangulia, au jua lilitangulia?"

"Msiniulize mimi," mkunga akasema. "Nilikuwa natazama kichwa kikubwa kama komamanga. Jua la nini?"

Wote wakanigeukia. Ningesema jua, nani angenibishia? Mdomo nilikwisha kuufungua. Nikamwona Parichehr alivyomkumbatia yule mtoto, kama mtu anayengoja kunyang'anywa. Nami tangu utotoni nimefundishwa kwamba uongo ndio adui.

"Mtoto alitangulia," nikasema. "Mlima ulikuwa bado mweusi."

Walipotoka, Parichehr akafuta macho. "Na nadhiri yako, Mama?"

"Nitaijibia mwenyewe."

Akamfunika mtoto vizuri. "Huyo Bahram wako, kabla ya wafalme, alikuwa nani?"

"Kitendawili."

"Mama! Nimezaa sasa hivi!"

"Sema tega."

"Haya, tega."

"Mgeni wangu huja mara kumi, kila mara na mwili mwingine, naye ni yuleyule."

"Nimeshindwa. Nakupa mji, Shiraz."

"Nilikwenda Shiraz, nikala, nikashiba, nikarudi. Jibu ni Bahram. Alikuja kwanza kama upepo. Akaja fahali mwenye pembe za dhahabu, akaja farasi mweupe, ngamia dume, nguruwe mwitu. Mara ya sita alikuja kijana wa miaka kumi na mitano, macho yanang'aa. Kisha ndege, kondoo dume, beberu, na mwisho mtu mwenye upanga. Wafalme walizaliwa baadaye, wakaliazima jina wapate nguvu zake, mmoja baada ya mwingine, kama koti la jirani. Aliyezama topeni ni mwazimaji, mwanangu, si mwenye koti."

"Huyo kijana wa sita, alipotea?"

"Sijasikia amepotea."

Akamtazama mtoto. "Basi huyu ni Borna."

Borna kwetu maana yake ni kijana. Kuchagua kulikuwa kwake.

Mwezi uliofuata nilimweleza malaika yote, pamoja na ule mlima niliouona mweusi: jina lako sikulileta, nimeleta mwili wako mmoja. Kama amekubali sijui, hajawahi kujibu kwa maneno. Naenda kila mwezi kumwuliza tena, na kapu la lozi hunibebea Parichehr.