Maji ya Mgeni

Tangu astaafu kwenye maabara ya idara ya maji, Mama Chupa alikuwa akizungumza na redio tu, na redio haina adabu ya kusikiliza. Ndiyo maana mwalimu wa sayansi alipompigia simu aje awafundishe wanafunzi kupima afya ya kijito, usingizi ulimpaa siku tatu. Alitaka jambo moja: kipindi kikiisha waseme, "Karibu tena wiki ijayo."

Aliwaagiza wachote maji ya kijito kilicho nyuma ya shule, pamoja na tope lake. Alipofika alikuta meza imetandikwa kitambaa, na juu yake chupa sita za maji maangavu. Aliiinamia ya kwanza kwa lenzi yake, ya pili, hadi ya sita. Hola! Hata mdudu wa dawa hakuwamo. Nyuma ya darasa miayo ikaanza kuambukizana, naye akaona siku yake inaponyoka.

"Wajukuu zangu, maji haya mmeyatoa wapi?"

Kiranja akasimama, macho chini. "Kijitoni, bibi. Ila yalikuwa machafu. Tukaona aibu kumpa mgeni maji ya vile, tukayachuja."

Mama Chupa alicheka mpaka miwani ikateleza puani. "Lo! Basi mmewachuja wadudu niliowafuata! Hicho kitambaa cha kuchujia kiko wapi?"

Kilikuwa kimeanikwa dirishani, bado kinatona maji. Wakakisuuza kwenye sahani nyeupe, na punde akajikongoja kidudu chenye mikia mitatu.

"Huyu ana maringo, haishi kwenye maji yenye sumu," alisema. "Kijito chenu kina tope, lakini ni kizima."

Madawati yakagongana. Wote walitaka lenzi. Walisongamana mpaka wakamsukumia nyuma, akabaki anatazama migongo yao kwa furaha.

Kengele ilipolia, mwalimu alimshika mkono kwa heshima zote. "Tunashukuru mno, mama. Sasa tumeshajua, tutaendelea wenyewe. Hatutakusumbua tena."

Maskini, alisema kwa nia njema. Mama Chupa akaitikia, akafunga mkoba, akaaga. Alifika mlangoni, akashika kitasa, akawaza nyumba ilivyo kimya. Akageuka.

"Mwanangu," alisema, na haya zote akaziweka kando, "nisumbueni."