Doa Jeupe Ukingoni mwa Tambura

Mume wangu Radivoj alikuwa na kauli moja iliyonikera miaka yote: "Siku msasa wangu utakapokula vanishi mpaka mbao ionekane, nafunga karakana." Aliwaambia wateja, akamwambia padri, na watu wa mji wetu, Bečej, walijua hatanii. Tambura zake, ala za nyuzi kama gitaa, ziling'aa hadi ungeweza kujitazama humo ukanyoa ndevu.

Na mimi nilijua akifunga ndiyo mwisho wake. Mwanamume yule hakujua kukaa bure. Hata Krismasi alizunguka uani akitafuta cha kukwangua.

Kisha vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Hakuniambia, ila nilimwona akishika kijiko cha supu kwa ngumi. Mchana mmoja, alipokwenda kulala baada ya kula, niliingia karakana kufagia. Ukingoni mwa tambura ya Lazar, kiongozi wa bendi, palikuwa na doa jeupe, ukubwa wa ukucha. Msasa ulikuwa umekula vanishi na rangi ya chini, mbao iko uchi. Mungu wangu!

Lakini kazi yenyewe nilikuwa nimeitazama maisha yangu yote. Nikachanganya rangi, nikagusa kwa ncha ya brashi ndani ya doa tu, maana ikipanda juu ya vanishi inaacha mviringo mweusi. Ilipokauka nikadondosha vanishi, tone juu ya tone, mchana baada ya mchana, yeye akikoroma. Pakajaa, nikasawazisha kwa msasa laini. Macho yake nayo yamechoka, nikajipa moyo, hataona.

"Persida, mbona unanuka vanishi?" akaniuliza jioni.

"Nimeolewa na fundi tambura, ulitaka ninuke waridi?"

"Nilitaka unuke supu."

"Supu umeimaliza, mlafi wee!"

Lazar alipokuja, aliigeuza tambura yake dirishani. "Mzee Radivoj, mikono yako haizeeki!" Mume wangu akakohoa tu, akammiminia rakia, pombe yetu kali ya matunda.

Madoa yakaongezeka, na mimi nikawa na kazi kila mchana. Nilinung'unika, nilitukana msasa, mgongo uliniuma. Leo karakana ni ya watu wengine, na ningetoa chochote nipate mchana mmoja wa namna ile.

Siku moja wageni walinichelewesha, nikaingia mbio kabla hajaamka. Kando ya tambura palikuwa na kikombe cha kahawa kilichofunikwa kwa kisahani. Nilipofunua nikaona rangi, imeshachanganywa, ile ile kabisa. Brashi yangu ilikuwa imeoshwa. Na doa alikuwa amelizungushia chaki, nisihangaike kulitafuta.

Chumbani akakoroma kwa nguvu. Alikuwa anakoroma uongo. Mimi si mgeni kitandani mwake.

Nikakaa kwenye kigoda chake nikalia. Kisha nikashika brashi, na yeye akaendelea kukoroma mpaka nilipomaliza.