Ukuta Uliokuwa Mweupe Kutwa

Fundi alilikuta lori la baba yake limesimama uwanjani, injini imezimwa, na taa zake mbili za rivasi zinawaka. Kwenye kiti cha dereva shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa amejilaza amefumba macho, redio inamwimbia, kama mwenye mali. Fundi alishusha begi la vifaa akasonya.

"Karibu, shemeji," alisema yule bwana bila kushuka. "Umesikia? Lori limepona."

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja mbio."

Alikuwa fundi umeme wa magari, mwenye kibanda chake mjini na wateja wasiotaka mkono mwingine uguse magari yao, naye alijua kwamba anajua. Wala hakumficha mtu. Mume wa mdogo wake alimpachika jina la Injinia siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kujitambulisha, baada ya kumsikia akiwaeleza watu jinsi pampu ya maji inavyofanya kazi, na kueleza kinyume tangu mwanzo hadi mwisho. Jina likamganda. Hata mkewe humwita hivyo akikasirika.

Ugonjwa wa lori lenyewe ulikuwa wa kawaida kwa malori ya otomatiki yaliyokula chumvi nyingi. Unazungusha ufunguo, kimya. Unaitikisa gia, unaibembeleza, linawaka. Taa za rivasi nazo zikawa zinawaka zikijisikia. Mtu mwenye akili zake huona hapo hapo kwamba maradhi hayo mawili yanatoka mahali pamoja, kwenye kiswichi kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi. Kazi yake ni kuzuia lori lisiwake mpaka gia iwe kwenye parkingi au nyutro, na kuwasha taa nyeupe za nyuma gia ikiwa rivasi. Injinia alimpigia simu zaidi ya mara moja kumwomba aje alitazame. Fundi alimjibu ahakikishe kwanza kama lina betri, akakata simu, akawasimulia wateja wake wakacheka wote.

Basi Injinia akalitibu mwenyewe.

"Niliona waya nne," alieleza, sasa ameshuka na kujifuta mikono isiyo na uchafu. "Mbili nene, mbili nyembamba. Nikaichomoa swichi, nikaunga nene kwa nene, nyembamba kwa nyembamba, nikazungushia tepu. Linawaka kwenye gia yoyote. Na taa haziniangushi tena. Ukifungua ufunguo tu, hizo hapo."

"Muda wote."

"Muda wote, shemeji."

Alilisema kwa fahari, maskini, kama mtu aliyewaletea watu wa nyumbani umeme wa bure. Fundi alimtazama kuanzia viatu hadi utosini, akatafuta tusi linalomfaa, akakosa lenye uzito wa kutosha.

Maana hapo nyumbani taa hizo hazikuwa pambo. Baba yao alikuwa muuza mbao, na kelele za msumeno wa mashine zilikuwa zimemla masikio tangu angali kijana; ukitaka kusema naye unasimama mbele yake asome midomo. Lori huingia kinyumenyume chini ya banda la mabati, penye giza hata saa za mchana, mpaka karibu na ukuta wa mwisho. Baba hufanya kazi huko ndani, akipanga mbao, mgongo kaugeuzia lori. Hasikii injini, lakini ukuta anauona. Ukuta ukimulikwa ukawa mweupe, anajua lori linarudi, anasogea pembeni na kuinua mkono. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote, na hakuna aliyewahi kuumia.

Fundi alizunguka nyuma ya lori, lililokuwa limeelekeza mkia bandani, akamkuta baba yake humo ndani, akamgusa begani, akamwamkia. Kisha akamwonyesha ukuta.

"Baba, huu ukuta?"

"Siku hizi ni mweupe kutwa," alijibu mzee, akicheka. "Nimeacha kuuangalia. Mkwe wangu ananipigia honi."

Honi. Kiziwi anapigiwa honi, na hakuna aliyeona ajabu. Fundi alirudi mbele, akatandika gunia chini, akajiingiza uvunguni mwa lori.

Kazi yenyewe haikumchukua muda. Swichi ilikuwa inaning'inia na waya zake, nzima kabisa. Ilikuwa haijafa wala haijaungua. Bolti zake mbili tu zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko, ikahama mahali pake, ikawa haijui gia ipo wapi. Aliifunga upya bila kukaza sana. Akafungua tepu ya Injinia, iliyozungushwa nene kama bandeji ya mguu uliovunjika, akatenganisha zile waya mbili nyembamba, za taa, na kuzirudisha kwenye swichi. Zile nene, za kuwashia injini, aliziacha kwanza jinsi zilivyo. Alitaka amalize habari ya taa. Akatoka, akapanda, akafungua ufunguo bila kuwasha injini, akaweka gia rivasi. Akarudi uvunguni, akaisogeza swichi taratibu, taa zikawaka. Akakaza bolti. Huko nyuma ukuta ukawa mweupe, safari hii kwa sababu ya haki.

Hapo ndipo ilipompasa arudishe gia kwenye parkingi. Badala yake alitambaa akatoka, kwa sababu alikuwa na maneno mdomoni na yalikuwa matamu.

"Injinia, njoo ujifunze kitu," aliita, akikung'uta vumbi. "Bolti mbili. Umeihukumu kifo swichi nzima kwa ajili ya bolti mbili. Hivi wewe, kuku wako akikohoa, unamchinja?"

Injinia alisimama kando ya mlango wa dereva. Alikuwa amezoea kutaniwa, lakini leo mkewe alikuwa amesimama kibarazani anasikiliza.

"Lori lilikuwa halitembei, nimelitembeza," alisema. "Nilikuomba uje. Hukuja."

"Ningekuja kufanya nini, kukushikia tepu? Taa inayowaka muda wote ina tofauti gani na iliyokufa? Mzee amekwambia haangalii tena ukuta, wewe unachekelea na honi yako. Mtu hasikii, unampigia kelele. Akili hizo ulizinunua wapi, nami nikazirudishe?"

"Linawaka au haliwaki?" Injinia alifungua mlango. "Hilo ndilo nililoombwa. Tazama."

Akakanyaga kidaraja cha mlango, akaingiza mkono, akazungusha ufunguo.

Waya nene zilikuwa bado zimeungwa. Injini ilinguruma mara moja, na lori likaruka kinyumenyume. Breki ya mkono ilikuwa imekufa siku nyingi, na gogo la kuzuia tairi liliwekwa upande wa mbele, kwa kuwa uwanja umeinamia getini. Fundi aliona lori likiingia bandani na mgongo wa baba yake mbele ya ukuta mweupe.

"Baba!" alipiga ukelele. "Baba, sogea!"

Mzee aliendelea kupanga mbao zake.

Bampa lilikumba rundo la mbao, rundo likamwendea mzee, likamsukuma hadi ukutani. Injinia, akiwa bado ananing'inia mlangoni, aliuzima ufunguo. Taa zikazimika pamoja na injini, vumbi la mbao likawa linaelea gizani.

Walimtoa pamoja. Alikuwa na mchubuko gotini na uso umempauka. Kiatu chake kimoja kilibaki chini ya mbao, kimekandamizwa kikawa bapa. Walimkalisha juu ya gunia lile lile. Alipumua, akamtazama mkwewe.

"Lilikuwa gia gani?"

Injinia alikuwa ameiona gia alipozima. Fundi alijua ameiona, maana yule bwana alimgeukia na kumtazama kidogo, jicho moja tu, halafu akapiga magoti mbele ya mzee.

"Nisamehe, baba. Mimi ndiye niliyewasha."

Habari ya gia hakuitaja. Mdogo mtu alikuwa ameshafika, anamtazama mumewe kwa jicho la kumla nyama, na maneno yote yaliyohitajika kummaliza yalikuwa tayari, Fundi mwenyewe ndiye aliyeyapanga. Ilimtosha anyamaze tu. Kingine chochote angekivumilia siku hiyo, hata tusi, lakini kusitiriwa na Injinia kulimchoma kuliko moto.

"Gia niliiacha mimi," alisema, akitazama kile kiatu. "Rivasi. Nilijua litawaka, nikaiacha."

Mzee alimshika kidevu, akamwinulia uso.

"Sioni midomo," alisema. "Rudia, mwanangu. Polepole."